Stima ndani ya mkojo na nyanya mbovu: kazi iko kwenye uso wa kaboni

Saa moja jioni, kandokando ya Spine Road mtaani Kayole, Nairobi, akina mama mboga huanza kuchagua. Nyanya ngumu hurudi kwenye kreti kungoja kesho. Zilizolegea hushushwa bei. Zilizopasuka hutupwa kwenye rundo kando ya mtaro, juu ya maganda ya ndizi, majani ya kabeji na maembe yaliyooza. Matatu za 19/60 zinaposhusha abiria wa mwisho kutoka mjini, rundo hilo limeshaanza kunuka.

Hatua chache kutoka hapo pana choo cha kulipia. Mkojo wa mamia ya watu huingia kwenye bomba, na bomba likiziba, hufumuka barabarani.

Rundo hilo na bomba hilo vimebeba umeme. Sukari iliyobaki kwenye nyanya na mabaki yanayotoka mwilini kwa mkojo bado yana nishati ya kemikali. Wapo bakteria wanaoyala mabaki hayo na kutoa elektroni, na elektroni zikipata waya wa kupitia, huo ni mkondo wa umeme. Chombo kinachofanya kazi hiyo huitwa seli ya nishati hai.

Chombo chenyewe kimejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Kilichokikwamisha kufika kwenye choo cha Kayole ni pale bakteria anapokutana na elektrodi, kwenye uso wa kipande cha kaboni. Uso huo ukitengenezwa vizuri, seli hutoa umeme wa maana. Ukiachwa ulivyotoka kiwandani, bakteria huponyoka na nishati hupotea bure.

Profesa wa mimea na chachu yake

Mwaka 1911, Michael Potter, profesa wa botania katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alitumbukiza elektrodi za platinamu ndani ya vyombo vyenye chachu na bakteria. Mshale wa kipimo ulisogea. Umeme ulikuwa kiduchu, lakini ulitoka kwa viumbe hai.

Mnamo 1931, Barnett Cohen, huko Marekani, aliunganisha seli nyingi za aina hiyo akapata volti 35. Tarakimu hiyo inavutia mpaka uambiwe mkondo ulikuwa miliampia 2 tu, yaani nguvu isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya wati.

Kwa miongo kadhaa baada ya hapo hakuna aliyejua vizuri elektroni hutokaje ndani ya bakteria. Wataalamu walilazimika kuchanganya rangi za kemikali ili zizibebe hadi kwenye elektrodi. Rangi hizo zilikuwa ghali, nyingine zilikuwa sumu, na zilihitaji kuongezwa kila mara.

Mwanga ulitoka matopeni. Mwaka 1987, Derek Lovley na wenzake waliripoti bakteria kutoka kwenye matope ya Mto Potomac, Marekani, ambaye baadaye alipewa jina Geobacter. Mwaka uliofuata, Kenneth Nealson akaeleza mwingine kutoka Ziwa Oneida, anayejulikana leo kama Shewanella. Viumbe hawa hupumua chuma. Sisi tunahitaji oksijeni ili ipokee elektroni zinazobaki baada ya mwili kuunguza chakula. Wao huzikabidhi elektroni hizo kwa kutu iliyo matopeni. Ukiondoa kutu ukaweka kaboni yenye waya, hawajali. Mwaka 1999 watafiti wa Korea Kusini wakiongozwa na Byung Hong Kim walionyesha kwamba Shewanella anaweza kuikabidhi elektrodi elektroni moja kwa moja, bila rangi yoyote ya kubebea.

Kuna tawi la pili la fani hii linalotumia vimeng'enya badala ya bakteria, lililoanza na majaribio ya glukosi mwaka 1964. Vimeng'enya ni vyepesi kuliko bakteria, lakini huchoka baada ya siku au wiki chache. Kwa choo cha mtaa, nawachagua bakteria, maana huzaana wenyewe.

Mlango ni mmoja

Seli ya kawaida ina vyumba viwili, au kimoja chenye upande ulio wazi kwa hewa. Kwenye anodi, bakteria hula uchafu na kutoa elektroni. Elektroni hupita kwenye waya, huwasha taa njiani, kisha hufika kwenye kathodi na kukutana na oksijeni. Kati ya pande hizo huwekwa kizuizi kinachoruhusu chembe za haidrojeni kupita ili mzunguko ukamilike.

Kwa hesabu za kemia, seli moja ingeweza kutoa takriban volti 1.1. Ikianza kufanya kazi, mara nyingi hutoa nusu ya hiyo. Nusu nyingine huliwa na vikwazo vya ndani, na kikwazo kikubwa kimojawapo ni uso wa elektrodi. Ni kama steji ya Kayole saa kumi na mbili asubuhi: abiria wapo tele na matatu lipo, ila mlango ni mmoja na kila mtu anasukumana.

Kaboni inapotoka kiwandani huwa laini, husukuma maji, na mara nyingi ina mabaki ya gundi au mafuta. Ngozi ya bakteria ina chaji hasi. Akikutana na uso unaomsukuma, huchukua siku nyingi kushikamana, na akishikamana huwa amekaa kijuujuu. Ukiufanya uso huo uwe na mikwaruzo midogo, upende maji na uwe na chaji chanya, anajibandika, anaita wenzake, na kwa pamoja wanajenga utando mnene unaopitisha umeme.

> Bakteria wana chaji hasi. Uso wa kaboni ukipewa chaji chanya, hujibandika haraka na kutoa umeme zaidi.

Mwaka 2007, Shaoan Cheng na Bruce Logan wa Chuo Kikuu cha Penn State walichoma kitambaa cha kaboni ndani ya gesi ya amonia. Nguvu ilipanda kutoka miliwati 1,640 hadi 1,970 kwa kila mita ya mraba, na muda wa seli kuamka ukapungua kwa nusu. Hawakubadilisha bakteria wala chakula chao. Walichogusa ni uso peke yake.

Kilichofuata ndicho kinachonipa matumaini zaidi, kwa sababu ni cha bei ya chini. Mwaka 2009 kikundi hicho kilichukua wavu wa kaboni, ambao ni rahisi mno kuliko kitambaa, kikauweka ndani ya tanuri la nyuzi 450 za Selsiasi kwa nusu saa. Bila amonia, ulikaribia kufanya kazi sawa na kitambaa kilichotibiwa kwa gesi hiyo. Mwaka 2010 watafiti wakaloweka brashi za nyuzi za kaboni kwenye asidi, wakazichoma, na nguvu ikaongezeka kwa asilimia 34.

Upande wa kathodi, platinamu ndiyo iliyokuwa ikiongoza, kwa bei inayojulikana. Mwaka 2009 kikundi cha Logan kilionyesha kwamba kaboni amilifu, jamaa wa karibu wa makaa yanayochuja maji, inaweza kuifikia platinamu na hata kuipita.

Zipo njia za kifahari zaidi: mirija ya nanokaboni, grafini, plastiki zinazopitisha umeme. Zinapendeza kwenye majarida ya sayansi. Lakini matokeo yanayopatikana kwenye kipande cha ukubwa wa kucha hayamsaidii mtu anayehitaji mita za mraba kadhaa ndani ya tanki la maji taka.

Kutoka Kisoro hadi Mathare

Afrika Mashariki haikungoja majarida. Profesa Ioannis Ieropoulos na wenzake, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha West of England jijini Bristol, walibuni mfumo walioupa jina Pee Power, kwa ufadhili wa wakfu wa Bill na Melinda Gates. Mwaka 2015 waliuonyesha chuoni kwao wakishirikiana na Oxfam, kisha kwenye tamasha la muziki la Glastonbury. Mwaka 2017 waliupeleka Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda, katika shule ya sekondari ya wasichana ya Seseme. Mkojo wa wanafunzi uliwasha taa za vyoo vyao wenyewe usiku.

Mtu asiyewahi kukaa bwenini ataiona taa hiyo kuwa jambo dogo. Msichana anayelazimika kutoka usiku kwenda choo kilicho mbali, gizani, haioni hivyo.

Baada ya Kisoro, mfumo huo ulifungwa katika shule ya Brainhouse Academy, Mathare, mwendo mfupi wa matatu kutoka Kayole. Kwa hiyo tayari teknolojia hii imekanyaga Eastlands, mashariki mwa Nairobi.

Kuna sababu ya kisayansi ya kuchagua mkojo. Una chumvi nyingi, kwa hiyo hupitisha umeme vizuri kuliko maji taka yaliyochanganyika na maji ya kufulia. Mfumo wa Bristol umewahi kutumia udongo wa kuchoma badala ya utando ghali wa kiwandani.

Hapa Nairobi, watafiti wa kemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi wameelekea sokoni na kichinjioni. Katika kazi walizochapisha wametumia taka za soko, yakiwemo matunda na nyanya, na kama chanzo cha bakteria wakachukua majimaji ya tumbo la ng'ombe. Tumbo hilo ni kiwanda kamili cha vijidudu vinavyovunja majani, na katika vichinjio vyetu majimaji hayo humwagwa tu. Tafsiri yake kwa Kayole ni kwamba chakula cha seli kiko kando ya Spine Road, na mbegu ya bakteria iko kwenye kichinjio kilicho karibu.

Wanaopinga wana hoja

Mtu wa sola atasema: kwa nini kuhangaika? Paneli ndogo inauzwa hata dukani Kayole, na haina harufu. Tufanye hesabu. Tuseme elektrodi iliyotibiwa vizuri itoe wati 1 kwa mita ya mraba mfululizo. Kwa saa 24 utapata wati-saa 24. Ukiondoa upotevu wa kupandisha volti, hiyo inajaza simu moja yenye betri kubwa. Nje ya maabara mara nyingi unapata chini ya hapo. Paneli ya wati 10 itakupa zaidi kabla ya saa nane mchana.

> Mita 1 ya mraba ya elektrodi nzuri, kwa siku nzima, huchaji simu moja.

Mtu wa bayogesi naye ana lake. Vituo vya Umande Trust kule Kibera vimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kinyesi cha watu kinaweza kupika chai. Mita ya ujazo ya bayogesi ina joto la takriban kilowati-saa 6. Seli ya nishati hai haifikii hapo hata kidogo, na atakayemwahidi mama wa Kayole kwamba atapikia umeme wa mkojo anamdanganya.

Na wa tatu, ambaye namheshimu kuliko wote, atauliza kwa nini tusiweke pesa kwenye mabomba. Kayole Soweto inajua jibu lake. Huko, kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wakazi waliunganishwa na maji na bomba la maji taka kwa mkopo uliolipwa kidogo kidogo. Ni huko pia ambako Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi iliingiza mfumo wa Jisomee Mita mwaka 2014, mkazi akisoma mita yake mwenyewe kwa simu. Ukitaka kujua teknolojia inavyokubalika mtaani, anzia hapo: watu waliipokea kwa kuwa iliwapa mkono kwenye hesabu yao wenyewe.

Hoja hizi tatu nazikubali, na bado nasema kaboni iliyochomwa ina nafasi. Nafasi yake ni kusafisha. Bakteria wanapokula uchafu ili watoe elektroni, uchafu unapungua. Mitambo mingi ya maji taka duniani hutumia umeme mwingi kupuliza hewa ndani ya matangi. Nairobi ilikwepa gharama hiyo kwa kuchimba mabwawa makubwa ya Dandora, yaliyoko Ruai, ambako jua na mwani hufanya kazi. Lakini mabwawa yanahitaji ardhi. Kayole, ambako ghorofa inapakana na ghorofa, haina hata kiwanja cha mpira cha kutoa.

Wala si lazima seli igombane na bayogesi. Gesi hupenda uchafu mzito na vuguvugu. Majimaji yanayobaki bado ni machafu, ila ni mepesi mno kutoa gesi ya maana. Hapo ndipo seli inaingia na kumaliza kazi, ikijiendesha yenyewe na kuwasha taa ya mlangoni.

Kipimo kinachopotosha

Katika fani hii kila mtu hutangaza miliwati kwa mita ya mraba. Kipimo hicho kimekuwa kishawishi kibaya. Kipande kidogo ndani ya chupa safi, chenye chakula maalumu na joto lisilobadilika, hutoa tarakimu nzuri. Kikuze mara elfu, ukitie maji halisi, tarakimu inaporomoka.

Chuo Kikuu cha Queensland kilijifunza hilo hadharani. Mwaka 2007 kilijenga mtambo wa lita 1,000 kwenye kiwanda cha bia cha Foster's huko Yatala, Australia. Maji taka ya bia yalikuwa na sukari ya kutosha, lakini hayakupitisha umeme vizuri, na utando wa vijidudu ukaota hadi kwenye kathodi. Mkondo ukawa mdogo kuliko ilivyotarajiwa.

Ningependa watafiti wetu waache kugombania rekodi hizo. Kwa Kayole maswali ni mengine. Uso uliotibiwa utadumu miezi mingapi kabla ya kuzibwa na tope? Ukiziba, unaoshwa kwa nini, na nani? Fundi wa kawaida anaweza kuutibu upya bila kumrudia mtu wa Bristol au Pennsylvania?

Mafundi wa jiko

Swali la fundi lina jibu karibu na nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mafundi wa jua kali wa Nairobi walianza kutengeneza jiko la kauri la Kenya: mabati nje, bakuli la udongo wa kuchoma ndani. Muundo ulitokana na ndoo ya Thailand, ukabadilishwa hapa, ukaenea nchi nyingi za Afrika. Kutoka Shauri Moyo na Kamukunji, ujuzi wa kuchoma udongo na kukata bati ulisambaa hadi mitaa ya Eastlands.

Tazama sasa seli inahitaji nini: kigae cha udongo kilichochomwa kwa joto sahihi, sanduku lisilovuja, na kaboni iliyopitishwa kwenye moto wa nyuzi 450 kwa nusu saa. Tanuri la kuchoma udongo wa jiko hupita joto hilo kwa mbali. Kazi ngumu ni kulidhibiti lisizidi, kwa sababu kaboni ikipata hewa na moto mkali hugeuka majivu. Kipimajoto cha tanuri na mafunzo ya wiki chache vingetosha kuanzia.

Asidi ni habari nyingine. Inapatikana, maana kila gereji inayojaza betri za magari inayo. Lakini kuloweka kaboni kwenye asidi kali uani, watoto wakicheza karibu, kisha kumwaga mabaki mtaroni, kungefuta faida yote ya mradi. Kama moto peke yake unakaribia matokeo hayohayo, tuchukue moto.

Kuna pia chuma. Mwaka 2014 Kun Guo na wenzake waliunguza mkeka wa chuma cha pua kwa moto wazi. Tabaka jembamba la oksidi likajitengeneza juu yake, na bakteria waliokuwa wakikataa chuma kitupu wakakivamia. Kwa fundi mwenye tochi ya gesi hiyo ni kazi ya dakika. Chuma pia hupitisha umeme kuliko kaboni na hakivunjiki.

Ila chuma kina soko la chakavu. Januari 2022, minara ya laini ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka Imara Daima, nchi ikaingia gizani, na serikali ikasimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Eneo lenyewe si mbali na Kayole. Elektrodi ya chuma cha pua ndani ya tanki la choo cha umma haitamaliza mwezi. Kaboni haina mnunuzi. Sababu hiyo haimo kwenye jarida lolote la kemia, lakini kwangu inatosha kuamua.

Mto Ngong hausubiri siku 5

Matumizi ninayoyaona karibu zaidi hayahusu taa wala simu. Mto Ngong hupita kusini mwa Kayole ukiwa umebeba taka za viwanda na za nyumba. Kujua maji yamechafuka kiasi gani, maabara hupima oksijeni inayoliwa na vijidudu, na kipimo hicho cha kawaida huchukua siku 5. Kufikia hapo, aliyemwaga sumu usiku ameshaondoka.

Seli ya nishati hai inaweza kutoa dalili mapema zaidi. Uchafu wa kula ukiongezeka, mkondo hupanda. Sumu ikiingia, bakteria huzimia na mkondo huanguka. Mwaka 2003 Kim na wenzake wa Korea walieleza kipimo cha aina hiyo kilichofanya kazi kwa zaidi ya miaka 5 bila kubadilishwa bakteria. Kwa kazi hii wati hazihitajiki. Kinachotakiwa ni uso wa elektrodi ulio thabiti, usiobadilika tabia baada ya miezi 6, ili mkondo ukishuka ujue tatizo ni mto na si kaboni.

Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira na Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Nairobi zote mbili ziko ndani ya jiji moja. Jaribio la kuanzia halihitaji mkopo wa kimataifa: tanki moja kwenye choo cha umma Kayole, ndani yake sahani 4 za kaboni kando kwa kando. Moja iwe ghafi kama ilivyotoka kiwandani, moja iliyochomwa kwenye tanuri la Nairobi, moja ya kaboni amilifu, na moja iliyotibiwa maabara kwa njia ghali ya kulinganishia. Liendelee mwaka mzima, likipitia vumbi la Januari, mvua za masika na baridi ya Julai. Msomaji wa mita awe kijana wa mtaa anayelipwa mshahara, na tarakimu za kila wiki zibandikwe kwenye ukuta wa choo hicho ambapo kila anayelipa kuingia ataziona.